Walienda kutafuta nini Kongo?

Ukimuuliza mtu wa Dar tarehe 9 Desemba 2017 ulikuwa wapi, wengi watakwambia habari ya Babu Seya. Siku ya Uhuru, sherehe zinafanyika Dodoma, Rais Magufuli anatangaza msamaha kwa wafungwa alafu hamadi anawataja wale wanamuziki waliokuwa jela, Babu Seya na Papii Kocha, basi mji mzima ukalipuka, nyimbo zao zikawa zinapigwa kila kona, bodaboda wanapiga honi utafikiri Taifa Stars imechukua kombe. Na mimi hizo honi nazikumbuka vizuri sana, ila nazikumbukia kwingine kabisa, nikiwa sebuleni kwa shemeji yangu tunapiga namba ambayo haipatikani.

Maana juzi yake, Alhamisi tarehe 7 jioni giza likiingia, kambi ndogo ya walinda amani wa UN pale Semuliki, Kivu Kaskazini, kilomita kama 45 kutoka mji wa Beni, ilivamiwa na watu wanaoaminika ni ADF, lile kundi lenye asili ya Uganda ambalo limejichimbia misitu ya mashariki mwa Kongo tangu miaka ya 90. Kambi ilikuwa ya wanajeshi wetu, JWTZ. Walipigana masaa. Ijumaa UN wakatangaza wamekufa 14, baadaye hesabu ikafika 15, majeruhi zaidi ya 40, na siku zile kuna mmoja alikuwa hajulikani alipo, wanajeshi wa Kongo nao walikufa. Guterres mwenyewe, Katibu Mkuu wa UN wakati ule, akasema ni shambulio baya kuliko yote waliyowahi kufanyiwa walinda amani katika historia ya karibuni ya umoja huo. Ukitaka kupata kubwa kuliko hilo inabidi urudi mpaka Mogadishu 1993 walipouawa Wapakistani 24 kwa siku moja.

Rafiki yangu alikuwa mmoja wao. Jina simtaji, familia haijanituma kuandika na wala sijaiomba ruhusa ya jina, hapa ntamwita kaka tu maana ndivyo tulivyokuwa tunaitana tangu tunakaa dawati moja sekondari, yeye hesabu zinampiga chenga mimi ndo namsaidia, mimi mchakamchaka unanishinda yeye ananisukuma kwa nyuma. Alienda JKT kwa kujitolea, akapata bahati ya kuchukuliwa jeshini, mi nikaishia kwenye mambo ya uhasibu.

Kuna kitu nataka watu wajue kuhusu hizi habari zinavyofika, maana ukisoma gazetini unaona zimekuja zote kwa pamoja. Namba inatoka kwanza, majina yanakuja baadae. Hapo katikati kuna masaa, wengine siku, na ndani ya huo muda kila nyumba yenye mtu kule inapiga hesabu zake. Shemeji alikuwa anahesabu kwa sauti, kikosi kina watu mia kadhaa, waliokufa 14, Beni ina kambi nyingi, yeye aliniambia yuko sehemu yenye mto, kwani kambi yenye mto ni moja? Alafu ananiangalia mimi mhasibu nimjibu. Alafu mtu akitulia kidogo anagundua kitu kibaya, kwamba anaomba huyo mmoja wa wale 14 awe mume wa mwenzake. Hilo shemeji alilisema mwenyewe, miaka imepita, akasema hiyo dua bado inamkaa rohoni. Simu ilikuwa kwenye chaji usiku kucha na waya ni mfupi, kwa hiyo akalala chini sakafuni pembeni ya soketi na kanga yake, kitanda kipo hapo hatua tatu.

Voisi noti ya mwisho ya kaka ilikuwa ya kuchekesha, na hiyo ndo ninayo mpaka leo, nimehama simu mara kadhaa ila naihamisha na yenyewe. Anasimulia mama mmoja wa kijijini kule aliyegoma kumpunguzia bei ya ndizi, wanabishana kwa Kiswahili, yeye cha kwetu mama cha kwao, mama anamwambia we mwanajeshi unalipwa na dunia nzima unataka kunipunja mimi. Anacheka mpaka anakohoa. Nyuma unasikia jenereta na mtu anamwita aje kula. Dakika moja na kitu. Hakuna cha "nikifa muangalie watoto wangu", hakuna unabii, hakuna chochote kile ambacho watu hupenda kukitafuta kwenye maneno ya mwisho ya marehemu. Ndizi tu.

Gari la jeshi lilikuja. Mtaani kwetu gari la jeshi likisimama mbele ya nyumba ya askari aliyeko misheni, majirani hawasubiri kuambiwa, walianza kutoa viti nje kabla maafande hawajamaliza kuvua kofia.

Miili ililetwa Dar Jumatatu ya tarehe 11, na Alhamisi tarehe 14, wiki moja kamili, ikaagwa pale makao makuu ya jeshi Upanga, Waziri Mkuu Majaliwa ndo aliongoza. Majeneza 14 kwenye mstari mmoja yamefunikwa bendera. Mi nilikuwa nimesimama mbali na nikawa najaribu kumtafuta wangu ni lipi, nikashindwa, maana yote yanafanana, bendera ni ileile, mikunjo ni ileile, mpaka lilipotajwa jina na cheo ndo nikajua kumbe muda wote nilikuwa nalia naangalia jeneza la mtu mwingine. Sijutii. Na huyo pia alikuwa na wa kwao. Kutoka pale kila mmoja akaenda kwao, wengine bara wengine Zanzibar.

Sasa twende kwenye lililonifanya niandike.

Msibani, chini ya turubai, siku ya pili baada ya kuzika, mzee mmoja wa heshima zake tu, wala hakuwa na nia mbaya, aliuliza kwa sauti, "hivi jamani hawa watoto walienda kutafuta nini huko Kongo?" Pakawa kimya. Baba yake kaka, mzee mkimya sana yule, akajibu "alitumwa, askari akitumwa anaenda", akaomba aletewe maji ya kunywa. Na hapo mada ikafa.

Hilo swali nimelisikia tena na tena tangu siku ile. Nalisikia kwenye daladala, nalisikia ofisini, kila akifa mwanajeshi wetu nje linarudi, vita si yetu, mali si zetu, tunaenda kufia wenzetu. Jibu la mzee nalielewa, ni jibu la baba anayejikaza mbele za watu, ila kwa mtu mwingine yeyote naona ni jibu fupi mno. Na jibu la wanasiasa la "mashujaa wetu wamemwaga damu kwa ajili ya amani ya Afrika" nalo kiukweli linapita juu kwa juu, ukimaliza kulisikia huna ulichoambiwa.

Kaka alienda kwa sababu mbili na alikuwa hazifichi. Ya kwanza hela. Naomba tusione aibu hapa. UN inailipa nchi kwa kila askari inayempeleka, mwaka ule ilikuwa dola 1,400 na kidogo kwa mwezi, inaingia serikalini siyo mfukoni kwa askari, askari anapata posho yake kwa utaratibu wa nchi yake, ila hata hiyo posho kwa mtu wa cheo cha chini ni pesa ambayo angekaa kambini nyumbani asingeiona. Alikuwa na pagala lake limefika kwenye lenta. Alinambia kabisa, kaka nikirudi napaua. Wapo watu ukiwaambia hivi wanasikia kama umemvunjia heshima, eti ukisema alifuata posho basi unasema hakuwa shujaa. Mi siwaelewi. Daktari analipwa, mwalimu analipwa, na akifa daktari kwenye mlipuko wa ugonjwa hatuulizi kama alikuwa na posho ya zamu.

Ya pili ni kwamba alikuwa anaijua kazi yenyewe ilikuwa nini. Tanzania haikuingia kule kushangaa. Machi 2013 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098 la kuunda brigedi maalum ya kushambulia, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, askari kama 3,000, kamanda wa kwanza Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Walinda amani wa UN walikuwa wamezoeleka kukaa na kuandika ripoti, hawa walipewa ruhusa ya kuwafuata waasi huko huko waliko. Agosti mwaka huohuo tukampoteza Meja Khatib Mshindo karibu na Goma, na Novemba waasi wa M23 ile ya kwanza wakawa wamesalimu. Mwaka huohuo tena, Julai, kule Darfur kwenye misheni nyingine kabisa, wanajeshi wetu saba waliuawa kwenye shambulio la kuviziwa. Kwa hiyo kaka alivyopanda ndege alikuwa anajua watu wanakufa. Nani angemdanganya?

Na Beni yenyewe. Kuanzia Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wanachinjwa, sitii chumvi, kwa mapanga na mashoka, usiku, vijijini, wanawake na watoto wakiwemo. Wakiulizwa nani kafanya, jina linalotajwa sana ni hao ADF. Kambi ya Semuliki ilikuwa kwenye barabara ya Mbau kwenda Kamango, karibu na daraja la mto, na kuwepo kwao pale kulikuwa kunawabana hao jamaa. Yule mama wa ndizi alikuwa anaishi karibu na barabara kama ile. Mi nikimfikiria yule mama swali la "walienda kutafuta nini" linanipungukia nguvu kabisa, maana kama pasingekuwa na askari pale yeye usiku analala wapi?

Alafu hii habari ya Kongo si yetu, jamani, ramani mnaziangalia? Ziwa Tanganyika upande mmoja sisi upande mwingine wao. Kambi ya Nyarugusu kule Kigoma ipo tangu 1996 na Wakongo wamejaa, kuna watu wamezaliwa pale wakaoa pale wakazaa pale. Malori yanayopanga foleni Tunduma na shaba ya Kongo yanaelekea bandarini kwetu. Huyo Babu Seya tuliyekuwa tunampigia honi asili yake ni wapi? Kongo. Kwa hiyo furaha za Kongo tunazitaka, bandari tunaitaka, ila ikifika habari ya kulinda watu wao tunasema si yetu.

Ila sasa, na hapa ndo roho huwa inapanda, kukubali kwamba kazi ilikuwa halali haimaanishi nikubali jinsi walivyoachwa. UN iliunda timu ya uchunguzi, akaongoza Mrusi mmoja anaitwa Dmitry Titov, wakaangalia shambulio la Semuliki pamoja na mengine mawili ya kabla yake, la Septemba na la Oktoba mwaka huohuo. Sikilizeni hapo, kulikuwa na mengine mawili kabla yake, eneo hilohilo, na la Oktoba liliua Watanzania wawili. Mwaka 2018 mwezi Machi wakatoa muhtasari wa walichokikuta, kwamba dalili zote zinaonyesha ni ADF, na kwamba misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuongezea nguvu au kuwatoa askari wakishambuliwa, na kulikuwa na mapungufu kwenye amri na uongozi, na vitu vya msingi kama ndege, wahandisi na taarifa za kiintelijensia vilipungua. Mimi siyo mwanajeshi lakini mpango wa kumtoa mtu akizidiwa, hilo hata kampuni ya ulinzi ya mtaani inalo. Watu wanauliza walienda kutafuta nini, swali la kuuliza ni hili, walipoita msaada usiku ule, msaada ulikuwa wapi? Hili halijawahi kuulizwa chini ya turubai lolote nililokaa.

Simalizi bila kumtaja Chancy Chitete. Huyu hakuwa Mtanzania, alikuwa praiveti wa jeshi la Malawi. Novemba 2018, mwaka mmoja tu baada ya Semuliki, Wamalawi na Watanzania walikuwa kwenye operesheni pamoja na jeshi la Kongo dhidi ya ADF hukohuko Beni, mambo yakawa mabaya, wakawa wanarudi nyuma chini ya risasi. Koplo mmoja wa kwetu akapigwa akaanguka, hawezi kutembea. Chitete akarudi. Akamvuta mpaka kwenye kificho, akawa anamfunga jeraha, na hapo ndo yeye akapigwa risasi. Yule koplo wetu alipona. Mei 2019 UN ikampa Chitete medali ya Kapteni Mbaye Diagne, yule Msenegali aliyeuawa Kigali 1994 baada ya kuokoa watu kibao bila hata silaha, na mkewe akaenda New York kuipokea. Yaani kuna kijana wa Malawi amekufa kwa ajili ya kijana wa Kitanzania kwenye msitu wa Kongo, na nina uhakika kuna mzee Malawi alikaa chini ya turubai akauliza swali lilelile. Sisi wa huku, ambao mtu wetu alirudi mzima kwa sababu ya yule, wangapi tunalijua hilo jina? Shuleni halifundishwi, mtaa wenye jina lake sijauona.

Kwa wanaokufa kwenye misheni kuna medali ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa UN aliyekufa kwa ajali ya ndege Ndola 1961, naye akiwa safarini kwa ajili ya mgogoro wa hiyohiyo Kongo, hebu fikiria. Inatolewa kila mwaka kwenye maadhimisho ya siku ya walinda amani, ambayo ni tarehe 29 Mei. Wengi mnadhani ni medali ya kuvaa kifuani, hapana, ni kama yai la kioo, zito, limechongwa jina la marehemu na tarehe aliyokufa. Linawekwa kabatini na unalifuta vumbi. Shemeji mwaka wa kwanza alikuwa analifuta kila Ijumaa, siku hizi anasema analifuta likichafuka, na mimi nadhani hayo ni maendeleo.

Mambo ya mafao sitayaongelea sana. Yalichukua muda, kulikuwa na ofisi moja iliyompotezea faili, ikamtaka cheti cha ndoa ambacho alishakipeleka, ndugu wengine wakaibuka ambao kwenye msiba hawakuonekana, mnajua wenyewe mirathi zetu. Mwisho alipata. Nyumba ikapauliwa. Nilikuwepo siku fundi anapandisha bati na shemeji akamgombeza kwa sababu kenchi moja ilikuwa imepinda, akamwambia marehemu asingekubali hii, fundi akasema mama marehemu si hayupo, akamwambia mimi nipo. Ikabomolewa ikarudiwa.

Watu wanapotea baada ya arobaini, hilo mnalijua. Wenzake wa kikosini ndo waliobaki, na nawapa heshima yao, wanakuja, wanapiga simu, mmoja aliyepona Semuliki akiwa na chuma mguuni alikuja akakaa na watoto mchana mzima akiwasimulia baba yao alivyokuwa anaiba sukari ya kombania. Hakuongea vita hata sentensi moja. Watoto walicheka kama ninavyocheka mimi kwenye ile voisi noti.

Na haijaisha. Aprili 2024, safari hii chini ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kombora likaua wanajeshi wetu watatu. Januari 2025 Goma inaanguka mikononi mwa M23 iliyorudi, jeshi likatangaza wengine wawili. Niliposikia hiyo ya Januari cha kwanza nilimpigia shemeji, nikakuta ameshajua, na yuko njiani anaenda kumuona mke wa mmoja anayefahamiana naye ambaye mumewe yuko kule na majina yalikuwa hayajatoka. Nikamuuliza utamwambia nini. Akasema hamna, naenda kukaa nae pale kwenye soketi.

Mtoto wa kwanza wa kaka sasa ni mkubwa, kamaliza form four, mrefu kama baba yake na hesabu zinampiga chenga vilevile. Mwaka huu amekuja kwangu na karatasi, anataka nimsaidie kuandika barua ya kuomba JKT kwa kujitolea. Nikamwambia akamuulize mama yake kwanza. Mama yake kamwambia baba mdogo wako akisema sawa na mimi sawa. Mpaka naandika hapa barua ipo nusu, aya ya kwanza nimeandika mimi, ya pili kaandika yeye, na wote wawili tunasingizia mtandao wa kuprinti uko chini.